Merlot kwa Jina la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Simu asubuhi, shavu moja bado lina povu la kunyolea. Dakta Breda Humar, mwenyekiti wa jopo linaloonja mvinyo wa Merlot wa vilima vyetu vya Brda kila mwaka. Mjumbe wake mmoja ameanguka kutoka kwenye ngazi akipogoa mcheri. Nyonga imevunjika. Je, ningeweza kuketi badala yake?

Nikasema ndiyo. Kisha nikasema pole kwa nyonga. Ningeweza kupanga vizuri zaidi.

Hatimaye! Miaka yote nimekaa benchi la watazamaji, nikitazama watu wenye pua za kawaida wakihukumu kazi za wenzao. Sasa wataiona pua ya Ludvik Sirk ikiwa kazini.

Sharti moja tu: mjumbe haruhusiwi kushindanisha mvinyo wake. Nikamwambia Dakta palepale kwamba nautoa wangu. Akanisifu kwa uungwana. Nikakata simu, nikakaa juu ya beseni la kufulia.

Maana nimeshajifunga. Krismasi mke wangu Nadja alisema mbele ya wageni kwamba naizamisha Merlot yetu ndani ya mapipa ya mwaloni mpaka haipumui. Akasema, "Baba Tina, mtu akitaka kulamba ubao, si aende kwa seremala?" Wageni wakacheka. Nikasema kwa hasira kwamba mwaka huu mvinyo wangu utachukua mtungi, na usipochukua, ufunguo wa ghala la mapipa utakuwa wake. Akanyoosha mkono tukapeana, wageni wakiwa mashahidi. Ufunguo huo ni wa baba yangu, na kabla yake wa baba yake. Nauvaa kiunoni. Nikitembea, unalia. Watu hujua nani anakuja.

Mtungi wenyewe ni wa udongo, una maua ya buluu. Anayeupata, mvinyo wake ndio unaomiminwa kwenye Sikukuu ya Cheri. Wa mwaka jana uko dirishani kwa jirani yangu, Zmago Bevčar. Nyumba yake ina madirisha mengi. Ameuweka kwenye lile linalotazamana na jiko letu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipata! Kanuni inakataza "mvinyo wa mjumbe". Haisemi lolote kuhusu mvinyo wa mke wa mjumbe. Nimeisoma mbele nyuma. Kimya. Na anayenyamaza amekubali.

Nadja hakuwahi kuacha jina la kwao, Debenjak. Siku ya harusi jambo hilo liliniudhi. Leo nimeliona kuwa ni mpango wa Mungu.

Nikamngoja atoke kliniki, nikamtengenezea kahawa, nikamweleza. Akauliza kama nina hakika nataka mvinyo uandikwe kwa jina la Nadja Debenjak. Nina hakika. Akauliza kama nataka apeleke chupa yeye mwenyewe. Ndiyo, maana mimi nisionekane karibu nazo. Akauliza tena, polepole kama anavyowauliza wagonjwa wenye homa, kama nakakumbuka kapipa kake.

Nakakumbuka. Wakati wa mavuno mgongo wangu ulipokaza, aliyaacha matuta ya juu wiki nzima zaidi kwa makusudi, akayachuma mwenyewe, akazipeleka zabibu kwa mama yake, akatengeneza mvinyo wake kwenye kapipa stooni. Nikamwambia nakakumbuka vizuri, na kwamba kiangazi tutahitaji siki ya saladi.

Akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi! Mwanamke anafurahi mumewe akimwamini. Nikamkabidhi kasha la chupa zangu, akalibeba mpaka kwenye gari bila kuomba msaada.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Hatua ya pili. Glasi zote zitakuwa na namba tu, hakuna majina. Kwa hiyo lazima niutambue mvinyo wangu hata nikiwa usingizini. Nimeanza mazoezi: asubuhi kabla ya kahawa, saa nne, mchana, jioni. Wangu mwenyewe, bila kuchanganya. Ulimi unafundishwa kama mbwa wa kuwinda.

Mama mkwe wangu Pepca aliingia akitoka kanisani, majivu kwenye paji la uso, akanikuta jikoni na glasi. Akauliza kama nimesikia kwamba Kwaresima imeanza leo. Nikamwambia hii si starehe, ni kazi. Akasema hata shetani huamka mapema kwenda kazini. Nikamwonyesha kwamba simezi, natema kwenye sinki. Akashika kifua. Akasema kunywa ni dhambi moja, lakini kumwaga ni mbili.

Nilichoandika mpaka sasa kuhusu mvinyo wangu: rangi nzito ya plamu. Mwaloni, moshi, vanila. Ukakasi unaoshika fizi kama mkono wa askari. Na kitu kingine, nyuma kabisa, ambacho kwa kukosa neno nakiita heshima.

Jumamosi, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Nimenunua maua: karnesheni tatu. Moja ya Nadja, moja ya mama mkwe, ya tatu ya mke wa Zmago. Hii ya tatu ilikuwa ni tiketi. Nilihitaji kuingia ndani.

Ukiutambua wako, umeshinda nusu. Ukimtambua adui, umemaliza vita.

Zmago alinipokea kama ndugu aliyetoka ng'ambo. Ana tabia hiyo mbaya. Akakata pršut, paja la nguruwe lililokaushwa, vipande vyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Nikaugusia mtungi, nikaupongeza, nikahisi jino likiuma. Nikasema ningependa kuonja kile kilichouleta. Akafungua chupa palepale, uso unang'aa!

Nikaonja kwa umakini wa daktari wa upasuaji. Hakuna mwaloni hata chembe. Cheri mbivu. Ua la urujuani. Unateleza, hauombi ruhusa. Watu wanapenda vitu vya namna hii. Nikakihifadhi kichwani: cheri, urujuani, hakuna ubao. Huyo ni Zmago.

Uani niliona mapipa mapya ya mwaloni, bado yananukia fundi. Nikauliza ya nini. Akaona haya, akashika kofia. Akasema msimu uliopita alijaribu kitu kipya. Kuna mtu mkubwa hapa hapa Brda amekuwa akimtazama kwa miaka, na sasa amethubutu kumuiga. Sikuuliza ni nani. Wakubwa wa Brda nawajua wote, hakuna anayestahili kuigwa.

Wakati naondoka akanishika bega, akasema, "Jirani, uje uje bwana, usingoje karnesheni." Nikasema nitakuja. Sitakwenda.

Jumatatu, 10 Machi

Kutambua hakutoshi. Mjumbe husema, tena mbele ya watu, maana watazamaji hukaa nyuma na kusikiliza kila neno. Na mimi nina ndimi mbili za kuandaa: moja ya kusifu changu, nyingine ya kumzika Zmago.

Sifa zilikuja haraka. Matusi yanahitaji mazoezi. Mchana nilijaribu kwenye supu ya Nadja ya maharage na kabichi chachu. Nikaizungusha kijikoni, nikanusa, nikasema mwanzo wake unaahidi lakini katikati hakuna mtu nyumbani. Nadja akauliza nimesemaje. Nikarudia. Akachukua bakuli, akaimimina supu sufuriani. Nikala mkate.

Neno lenyewe ni zuri hata hivyo. Nimelihifadhi.

Kazini, idara ya maji, mkuu wangu ameniomba nisitabasamu mbele ya wateja. Meno yamekuwa zambarau. Nikamwambia ni ya muda. Akasema hata yeye anatumaini hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Burja, upepo wetu wa baridi, inavuma tangu juzi. Imeng'oa vigae vya banda, imeangusha pipa la taka la Zmago mpaka getini kwetu. Zmago akaja kulichukua, akaomba radhi, akarekebisha na vigae vyangu. Sikumwomba.

Ulimi uko tayari. Leo nimejipima: nimefunga macho, nimemwomba Nadja aweke glasi mbili mbele yangu, yangu na nyingine yoyote. Nikaitambua yangu bila kusita. Nadja akasema kweli, ni yako, hata paka angeijua, amekimbia chumbani.

Nilimuuliza kama chupa zilifika salama. Akasema mvinyo wa Nadja Debenjak umefika salama salimini na umepokewa kwa mikono miwili. Anasema jina lake kwa namna mpya siku hizi. Nimempa fahari, maskini.

Ijumaa, 14 Machi

Siku yenyewe!

Ukumbi wa kijiji, meza ndefu, vitambaa vyeupe, mkate, maji, ndoo za kutemea. Dakta Breda katikati. Mimi mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, lakini kiti ni kiti. Nyuma yetu mabenchi yamejaa. Zmago mstari wa mbele, amevaa tai. Kando yake mama mkwe na sindano zake za kufuma. Zmago alikuwa amemletea mto wa kukalia. Kila mtu ana mbinu zake.

Namba Moja: mwembamba. Namba Mbili: umekaa na ndizi muda mrefu, sijui wapi. Namba Tatu: nimesahau.

Namba Nne! Nilijua kabla glasi haijafika puani. Mwaloni. Moshi. Vanila. Ukakasi ukashika fizi, na nyuma kabisa, naapa, heshima. Dakta Breda alitema, akasema anahisi kama amelamba mlango wa kanisa. Wengine wakacheka. Mimi nikasimama. Hakuna anayesimama kwenye kuonja, lakini nikasimama. Nikasema hapa pana mkono wa mtu anayejua anachotaka. Nikasema mwaloni huu haukuwekwa, ulialikwa. Nikasema siku moja Brda itauomba msamaha mvinyo huu. Nikaupa alama ambazo Dakta aliziuliza mara mbili.

Nikasikia mtu akipenga kamasi kwenye benchi. Sikugeuka.

Kufikia Namba Nane nilikuwa nimeacha kutumia ndoo. Kutema kunapoteza muda.

Kisha Namba Tisa. Nikanusa. Cheri. Urujuani. Hakuna ubao. Aha! Karibu, Zmago.

Dakta Breda alifumba macho. Tukadhani amesinzia. Akasema aliyeutengeneza huu alijua wakati wa kuuacha mvinyo peke yake, na kwamba hilo ndilo jambo gumu kuliko yote. Wenzake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akaomba aongezwe. Nikaona hatari.

Nikasimama tena. Nikasema samahani, mimi sidanganyiki. Nikasema huu ni mvinyo unaojipendekeza. Unanukia kama mwanakwaya aliyejimwagia manukato kwa kuwa hakuwahi kuoga. Mwanzo unatabasamu, katikati hakuna mtu nyumbani, na mwisho unaondoka bila kuaga. Nikasema aliyeutengeneza apewe shamba la kabichi, na hata kabichi isimamiwe na mwingine. Nikaupa alama za chini kabisa zinazoruhusiwa.

Nikamtazama Zmago nione jeraha. Ananitazama kwa macho yaliyojaa maji. Nilimpata! Mama mkwe hakuacha kufuma, ila midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilidhani anasali rozari.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, ufunguo ukilia kiunoni. Matokeo Jumapili.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeusafisha ufunguo kwa siki na chumvi. Unang'aa. Nadja akanikuta nikiufanya hivyo, akasema asante. Sikuelewa anashukuru nini.

Nimeandaa rafu jikoni kwa ajili ya mtungi. Dirishani ingekuwa ni kumuiga Zmago. Lakini dirishani ndiko utakakokaa.

Jumapili, 16 Machi

Nitaandika mambo yalivyokuwa, bila kuyapaka rangi.

Baada ya misa, ukumbi uleule. Watu wamesimama mpaka ngazini. Nadja amevaa gauni lake la kijani. Mama mkwe mkono wake wa kulia. Mimi jukwaani na jopo, mkono tayari kwenye mfuko wenye hotuba. Hotuba ya mume wa mshindi, fupi, yenye unyenyekevu.

Dakta Breda akasema mtungi wa mwaka huu unakwenda kwa Nadja Debenjak.

Nikapiga ngumi hewani. Sikupaswa.

Akasema: Namba Tisa.

Nilidhani amekosea kusoma. Nikamnong'oneza kwamba ni Nne, Dakta, Nne. Akasema hapana, bwana Sirk, ni Tisa. Nikautoa mkono kwenye mfuko wa hotuba.

Nadja akapanda jukwaani. Hakunitazama mimi, alitazama watu. Akamshukuru mama yake kwa kona ya stoo. Akayashukuru matuta ya juu kwa subira. Kisha akasema anamshukuru mumewe, ambaye alimsihi yeye mwenyewe aandikishe mvinyo kwa jina lake, maana bila kusihiwa asingethubutu. Makofi! Ningefanya nini? Nikainamisha kichwa. Ilionekana kama unyenyekevu.

Lakini Dakta Breda hakuwa amemaliza. Akasema waliogundua kwamba mke wa mjumbe yuko kwenye orodha walipata wasiwasi, na yeye mwenyewe alipata. Kwa hiyo alizitazama alama zangu kwa jicho kali. Na anataka watu wajue kwamba mimi, Ludvik Sirk, nilimpa mke wangu wa ndoa alama za chini kuliko mvinyo wote ule. Kwa kawaida alama ya juu kabisa na ya chini kabisa za kila mvinyo hutupwa, kwa hiyo zangu za Nne na za Tisa zilitupwa zote, hazikumdhuru mtu. Lakini katika maisha yake yote ya kuonja, akasema, hajamwona mtu mwenye msimamo kama huo.

Ukumbi ukasimama. Wanaume walinipigia makofi. Wanawake walimtazama Nadja.

Ndipo mama mkwe akaomba neno. Akasema ana kumbukumbu nzuri kwa umri wake, tena Ijumaa aliirudiarudia ili isimpotee. Akasimama, akakunja sweta, akaisema yote. Mwanakwaya na manukato. Katikati hakuna mtu nyumbani. Mpaka shamba la kabichi. Hakukosea hata silabi moja. Alipofika kwenye kabichi isimamiwe na mwingine, alinigeukia, akainamisha kichwa kama anayemaliza somo la kwanza kanisani.

Nadja alisikiliza yote ameshika mtungi. Akasema taratibu, "Kumbe ndiyo maana hukula supu."

Nilishuka jukwaani nikitafuta mlango. Mlangoni nikakutana na kifua cha Zmago. Akanikumbatia mbele ya kijiji kizima, akalia begani mwangu, koti zima limelowa. Namba Nne ilikuwa yake! Yake! Mtu mkubwa aliyekuwa akimtazama kwa miaka ni mimi. Alinunua mapipa kwa fundi wangu, alifuata kila nilichofanya, na jopo lote limemcheka, wamemweka karibu na mkia. Akasema, "Wewe peke yako, Ludvik. Wewe peke yako ulisimama. Mke wangu aliniambia nimeharibu zabibu za watu, lakini wewe ulisema Brda itaomba msamaha."

Nikasema ndiyo, nilisema.

Akasema tangu leo sisi si majirani tena, ni ndugu.

Jumatatu, 17 Machi

Nadja hakuudai ufunguo. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Asubuhi aliweka mezani kasha la chupa zangu. Zote, zimefungwa, kama nilivyompa. Akasema, "Zako hizi, Baba Tina. Sikuzigusa." Nikamwambia alinidanganya. Akasema nilimwomba jina lake, naye akaniuliza maswali matatu, na yote nikayajibu mwenyewe. Akauliza ni lipi kati ya hayo lilikuwa uongo. Nimelifikiria siku nzima kazini. Bado nalifikiria.

Nimetembea na ufunguo kutwa. Unalia vilevile, lakini leo niliusikia mimi.

Jioni Nadja alikaanga frtalja, kimanda cha majani ya kwanza ya bustani. Nikaufungua mkanda, nikaweka ufunguo mezani karibu na mkate. Hakuutazama. Aliusogeza kidogo ili chumvi ipate nafasi. Kisha akamimina mvinyo wake kwenye kikombe changu cha kahawa, maana glasi zote zilikuwa sinkini, nikanywa bila kuuzungusha wala kuunusa, kwa kiu tu.

Cheri. Urujuani. Na chini yake kitu ambacho Ijumaa sikukisikia, kwa kuwa nilikuwa nikiongea. Lile jiwe jororo la matuta ya juu, baada ya mvua. Marehemu baba alikuwa akiokota kipande, anakivunja mkononi, ananipa ninuse, hasemi kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba jiwe lile lina harufu. Miaka yote hiyo nimelifunika kwa mwaloni wa kununua.

Nadja akaniangalia. Akauliza, "Vipi?"

Neno lilikuwa mdomoni. Zuri kabisa, limeshaiva. Nikasema una ukakasi kidogo.

Akasema, "Ukakasi ni wako, mume wangu. Mvinyo hauna hatia." Akachukua ufunguo, akauweka kwenye mfuko wa aproni, akaniongeza frtalja.

Nilikunywa kikombe cha pili. Na cha tatu. Kuhakikisha ukakasi.

Alhamisi, 20 Machi

Zmago anakuja kila siku. Analeta chupa ya Namba Nne, anakaa, anataka tuizungumzie. Jana alimwambia Nadja kwamba ana bahati kuolewa na mtu mwenye pua ya namna hii. Nadja akasema ndiyo, anaifuta kila baridi.

Mtungi uko dirishani. Nadja hakuuweka kumtazamisha Zmago. Ameugeuzia ndani, maua yanatazama kiti changu.

Lakini leo, simu! Kutoka pwani, jopo la kuonja mafuta ya zeituni. Bwana mmoja mwenye sauti ya taratibu. Amesikia kwamba Brda kuna mtu asiyempendelea hata mke wake wa ndoa. Mtu kama huyo, akasema, haonekani kwenye fani hii mara kwa mara. Je, ningekubali kuketi nao mwezi ujao? Nikasema ni heshima kwangu. Akasema kanuni ni ileile, mjumbe haruhusiwi kushindanisha mafuta yake.

Nimeitafakari Merlot kwa utulivu, kama mtu mzima, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Si mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa kuutegemea ulimi wakati mtu ana macho. Mvinyo mwekundu wote unafanana, lakini mafuta yana rangi. Nina mizeituni kadhaa nyuma ya banda, na mafuta ya msimu huu ni ya kijani kisichopatikana kwingine, hasa nikiongeza kidogo majani ya mchicha yaliyotwangwa.

Nadja sijamwambia. Ana ufunguo, basi awe nao, akili imebaki kwangu. Nilichohitaji ni jina. Nikavuka barabara. Zmago alikubali kabla sijamaliza sentensi, macho yakamlowa tena, akasema ataandikisha, atabeba chupa mwenyewe, nisijisumbue na lolote. Naye ana mizeituni yake, akasema, mafuta yake pia yako tayari, lakini nisiwe na wasiwasi kabisa, hatazichanganya chupa.

Sina wasiwasi. Mtu aliyekulilia begani hawezi kukuangusha.